Muhula wa Dawati la Nyuma

Jumatatu, 13 Januari

Shule zimefunguliwa na mimi sina sauti. Daktari aliyenitoa uvimbe kooni amesema nisiipandishe mpaka muhula uishe. "Ongea kama mtu aliyekaa karibu na mtoto aliyelala," aliniambia. Kwa mwalimu wa darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, hiyo ni sawa na kumwambia dereva aendeshe gari bila kukanyaga mafuta.

Mwalimu Mkuu amenipangia kazi ya kukaa. Kijana mpya aliyemaliza chuo atachukua vipindi vyangu vya kusoma Kiingereza, darasa la sita. Mimi nikae nyuma, nimtazame anavyofundisha, nimweleze watoto walivyo. "Pumzika huku unafanya kazi, dada," akasema, akanishika mkono. Huyu ni rafiki yangu tangu tulipoajiriwa siku moja na kupangishwa chumba kimoja. Sikuweza kukataa. Lakini nilipotoka ofisini kwake nilikuwa na donge ambalo halikutokana na mshono.

Naandika kwa sababu nimezoea kusema, na kusema kumekatazwa.

Jumanne, 14 Januari

Kijana ana viatu vinavyong'aa na shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Nikasema moyoni, huyu chaki itamkomesha.

Hakuandika tarehe. Hakusema tufungue ukurasa gani. Aliandika neno moja ubaoni, "knife", akarudi nyuma hatua kadhaa, akaweka kidole mdomoni kama anayeingia chumba cha mgonjwa. Akawauliza kwa kunong'ona ni nani hapo amelala. Watoto wakatazamana. Akaisogelea ile herufi ya kwanza, akainama, akaisikiliza. "Huyu K amelala fofofo," akasema. "Mkimtamka mtamwamsha, na akiamka hapa hapasomeki leo." Darasa zima likaanza kusoma kwa kunong'ona. Kila walipokuta herufi isiyotamkwa walinyoosheana vidole wakinyamazishana, na waliosahau wakazomewa kwa sauti ya chini kabisa.

Mimi neno hilo nimelifundisha tangu nilipoanza kazi. Huwa nasema K haitamkwi, andikeni. Wanaandika.

Alhamisi, 16 Januari

Joto. Bati linalia. Hata hivyo hakuna aliyesinzia katika kipindi chake.

Jumatatu, 20 Januari

Amenijia mapumziko, amevuta kiti, akaniomba nimweleze mtoto mmoja mmoja. Anasikiliza vizuri, sina budi kukiri. Hakatizi, hatazami simu. Nikamweleza nani anasoma kwa kukariri midomo ya wenzake, nani haoni ubao ila anaona haya kusema, nani anajua kila kitu na anachoka haraka. Tukafika safu ya ukutani.

"Na yule anayetazama meza?" akauliza.

Nikamwambia yule ni wangu. Ni mtoto wa mdogo wangu, na kwetu mtoto wa mdogo wako ni wako. Mama yake ni muuguzi mji mwingine, zamu zake hazina mpangilio, kwa hiyo binti amekaa nami tangu alipoanza shule. Nyumbani tunamwita Chiriku kwa sababu hafungi mdomo: anasimulia akiosha vyombo, anasimulia akila, anasimulia kupitia mlango wa choo. Lakini mbele ya watu ana kigugumizi kibaya. Neno linakwama, kidevu kinatetemeka, macho anayafumba kama anayesubiri kofi. Mimi na yeye tulikubaliana zamani kwamba shuleni hatasoma kwa sauti.

Kijana akafikiri. Kisha akauliza kitu ambacho hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza: akiimba je, anakwama?

Hakwami.

Ijumaa, 24 Januari

Ameanza kuwasomea hadithi ndefu. Kila wiki analeta kurasa chache alizotoa nakala. Ni habari za mchimba kisima aliyefika kwenye mwamba, akapumzika, akasikia mtu anabisha hodi kutoka chini ya mwamba. Anasoma nusu, wao wanasoma nusu, na kila anapofika pale moyo unapodunda anasema "kituo", anakunja karatasi. Leo walipiga kelele za kumsihi. Mmoja alimshika shati. Akawaambia anajua ni nani anayebisha, ila akiwaambia watamchukia.

Wamekwisha kumpa jina. Mwalimu Kituo.

Nimejikuta njiani nikiwaza: ni nani yule chini ya mwamba? Mtu mzima, nimetoka kununua sabuni, nimeisahau sabuni dukani.

Jumatano, 29 Januari

Kituo amekuja nyumbani jioni kuniomba ruhusa. Anataka kumrekodi Chiriku video kwa simu akisoma ukurasa mmoja, sasa hivi, kabla hajaanza kumsaidia, ili mwisho wa muhula binti ajione mwenyewe alipotoka na alipofika. Amesema kuna mambo mtu haamini mpaka ayaone.

Nilimuuliza nani ataiona. "Mimi, wewe na yeye," akasema. "Siku akishajiona, tunaifuta mbele yake."

Chiriku alikataa. Nikamwacha ale. Baadaye nikamfuata jikoni, nikamwambia mwalimu huyu si kama wengine. Akakataa tena, safari hii bila kunitazama. Nikamwambia ni sisi watatu tu tutakaoiona, na kwamba nitakuwepo.

"U-utakaa wapi?"

"Popote utakapo."

"Karibu."

Alhamisi, 30 Januari

Tumerekodi baada ya masomo, darasani, mlango umefungwa. Nilikaa naye dawati moja, magoti yetu yamegusana. Mstari wa kwanza ulimchukua muda ambao sitaki kuuandika. Machozi yalimtoka lakini alifika mwisho wa ukurasa. Kituo hakumharakisha hata kwa jicho. Alipomaliza alimwambia ahsante kwa Kiingereza, kama mtu mzima anavyomwambia mtu mzima.

Jumanne, 4 Februari

Lazima niandike yote ya leo.

Kituo amegawa sehemu za hadithi. Mmoja mchimba kisima, mmoja mkewe, mmoja jirani mbishi. Sehemu ya yule aliye chini ya mwamba, ambaye mpaka sasa alikuwa anabisha tu, leo anaanza kusema, na kabla ya kila neno anabisha mara moja. Kituo alikwenda mpaka safu ya ukutani, akapiga goti sakafuni na suruali yake ya pasi, uso wake ukawa chini ya uso wa Chiriku. Akamwambia hii sehemu ni ya mtu mwenye subira, kwa sababu anayebisha hana haraka. Abishe kwanza juu ya dawati, neno lifuate mkono.

Chiriku alinigeukia. Mimi nikatazama chini, kwa woga.

Akabisha. Neno likatoka. Akabisha, la pili likatoka. Darasa lilikuwa kimya mpaka nikasikia maji ya bomba la nje. Alimaliza sentensi nzima ya Kiingereza, mbele ya watu, macho yamefunguka. Hakuna aliyepiga makofi kwa sababu Kituo alikuwa ameinua mkono kuwazuia. Alimwachia jirani mbishi ajibu, na hadithi ikaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Mimi ningeshangilia, na ningemharibia.

Njiani alisimulia mfululizo mpaka mlangoni. "Mama mkubwa, uliona dawati lilivyolia?" Nikamwambia niliona. Nikampigia mama yake simu, nikashindwa kuongea, na safari hii lawama si ya koo.

Jumatatu, 10 Februari

Mawingu bila mvua. Nimeanza kuiga vitu vyake na darasa la nne, kipindi kimoja nilichobakiziwa, kwa kunong'ona. Vinafanya kazi.

Alhamisi, 13 Februari

Wageni wamekuja: mwanamume wa suti na dada mmoja mwenye simu juu ya kijiti cha miguu mitatu. Mwalimu Mkuu aliwaleta mwenyewe mpaka darasani. Kituo alinieleza kwa haraka kwamba ni watu wa mafunzo ya walimu, wanataka kuona kipindi.

Kipindi kilikuwa kizuri kuliko vyote. Walisoma wakiwa wamesimama juu ya viti, walisoma mgongo kwa mgongo, walikisia neno gani linafuata na waliokosea wakacheka kuliko waliopatia. Chiriku alisoma ukurasa mzima. Katikati aliacha kubisha, mkono ukabaki hewani, na maneno yakaendelea kutoka yenyewe. Nadhani hata yeye hakujua.

Nililia, nikampa mkono yule bwana wa suti, nikamwambia, kwa sauti yangu hii ya kuazima, kwamba nimefundisha maisha yangu yote na sijaona kipindi kama hiki. Akaniomba nirudie maneno hayo mbele ya ile simu. Nikarudia.

Ijumaa, 21 Februari

Kituo amekunywa chai kwetu. Chiriku amemsomea mama yake kwa simu, kipaza sauti kimewashwa, na mdogo wangu huko aliko alikuwa anamwita kila muuguzi aliyepita aje asikilize. Kituo alikaa amekunja mikono, anatazama chini, anatabasamu. Nikamwambia wewe sasa ni mwanangu. Alitazama kikombe chake, kisha akasema ahsante, mama.

Leo nimekumbuka kwamba Januari niliona wivu. Nimeona haya.

Jumatatu, 24 Februari

Kituo hajaja. Watoto walikaa na kurasa zao mezani. Tuliwaambia huenda anaumwa.

Jumanne, 25 Februari

Hajaja. Simu yake inaita mpaka inakata.

Jumatano, 26 Februari

Nimemfuata Mwalimu Mkuu. Alikuwa anapanga chaki ambazo zilikuwa zimepangika. Amesema kijana amepata nafasi katika ile shule ya kulipia iliyo upande wa pili wa mji, yenye mabasi ya njano. Ameondoka Ijumaa. Kwa hiyo ile chai aliyokunywa kwetu ilikuwa ya kuaga, na aliyeagwa hakujua.

Niliuliza kwa nini hakuwaaga watoto. Mwalimu Mkuu akasema vijana wa siku hizi hawapendi machozi.

Darasani wameniuliza jambo moja tu: nani anayebisha? Nikasema nitawatafutia.

Jumamosi, 1 Machi

Nimempeleka Chiriku kusuka. Kwa msusi palikuwa na foleni, mabenchi yamejaa, redio inazungumza peke yake. Tulikuwa tumefika nusu ya kichwa msusi alipomtazama kwenye kioo, akamtazama tena, akafuta mikono na kuchukua simu yake.

"Si wewe huyu?" akasema kwa furaha. "Nilisema tu, hii sura naijua."

Aliigeuza ile simu tuione sote. Ilianza kwa muziki. Likaja jina la ile shule ya mabasi ya njano. Kisha akatokea mwanangu, uso mzima, macho yamefumbwa, kidevu kinatetemeka, neno moja limekwama, limekwama, limekwama, na chini yake maandishi makubwa: KABLA. Waliukata ukurasa ule wakaacha pabaya tu, na pabaya penyewe wakaparudia. Magoti yangu yanaonekana pembeni. Kisha likaja neno BAADA, na Chiriku wa siku ya wageni anasoma mkono uko hewani. Kisha mimi. Mimi na machozi yangu, nasema sijaona kipindi kama hiki.

Mwanamke aliyekuwa kwenye benchi akasema ameiona hiyo, watoto wake wanaigiza nyumbani kutwa nzima. Akaigiza. Hakuwa na ubaya, alikuwa hajaelewa kwamba mwenyewe ndiye aliyekaa kitini. Akafanya kidevu, akafanya macho, akafanya lile neno. Watu wawili watatu wakacheka.

Chiriku hakulia. Alijitazama kwenye kioo, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama. Kisha akasema, taratibu, bila kukwama hata mara moja:

"Ulisema sisi watatu tu."

Msusi akaomba radhi, akataka kumalizia bure. Chiriku alishuka kitini. Tumerudi nyumbani kwa miguu, watu wanamtazama kichwa, yeye mbele na mimi nyuma.

Jumapili, 2 Machi

Nyumba haina sauti. Nimemsuka mwenyewe nusu iliyobaki. Aliniachia kichwa kama anavyomwachia daktari mkono.

Jumatatu, 3 Machi

Chiriku amekataa shule. Nimekwenda peke yangu, nikaingia kwa Mwalimu Mkuu bila kubisha hodi, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nikamwekea simu mezani ikicheza. Alikuwa ameshaiona. Nilijua kwa jinsi alivyotazama pembeni kabla neno halijakwama.

Nilimuuliza ni nani aliyeruhusu.

"Mimi," akasema. "Nilidhani kijana amekuambia. Wale watu wameahidi kutujengea chumba cha maktaba, dada. Shule yetu imetajwa mwishoni, hukuona? Na mtoto ameonekana ameshinda."

Nikamwambia watoto huko mtaani hawaigizi ushindi wake, wanaigiza kigugumizi. Akasema hayo yatapita. Nikamuuliza kama wale wageni siku ile walikuwa watu wa mafunzo. Akasema kwa namna fulani. Nikamuuliza kama alijua, siku ile ile, kwamba kijana anaondoka. Hapo akanyanyuka kufunga dirisha, na nje hakukuwa na upepo.

Rafiki yangu huyu alinishika mkono nilipozaa na nilipozika. Leo nimemtazama mgongo wake nikaona ni mgongo wa mtu nisiyemfahamu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwenye shule ya mabasi ya njano.

Mlinzi aliniambia mwalimu yuko kipindini, nikae kwenye benchi la varanda. Dirisha la darasa lilikuwa wazi. Viti vipya, kila mtoto na kitabu chake. Kituo alikuwa ameandika neno ubaoni, amepiga magoti, sikio limeelekea herufi ya kwanza, na watoto wa watu wanacheka kwa kunong'ona. Kulikuwa na mmoja amejikunyata safu ya mwisho. Kituo akamfuata pale pale, akashuka mpaka chini ya uso wake, akamwambia kitu, na yule mtoto akainua kichwa.

Nilijikuta natabasamu. Naliandika hili kwa sababu ndilo lililoniuma zaidi kwa leo. Nilisahau nilichofuata, nilikuwa natazama tena kipindi kizuri.

Alipotoka na kuniona hakukimbia. Alinisalimia shikamoo. Tukakaa benchi moja.

Nikamwambia aliahidi.

"Niliahidi, mama. Na wakati ule nilimaanisha." Alikuwa anasugua vumbi la chaki vidoleni. "Walinitaka nije na kazi ya kuonyesha. Niliyokuwa nayo ni hiyo."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ningekataa."

"Basi," akasema.

Alilisema neno hilo bila kiburi, kama anayenionyesha hesabu ilivyotoka. Nikamtaka aiondoe. Akasema siyo yake tena, ni mali ya shule, ameshawaomba wapunguze ile sehemu ya mwanzo wamekataa, kwa sababu bila mwanzo mwisho haushangazi mtu. Kisha akaongeza, na hapa sauti yake ilipanda kidogo, kwamba hata hivyo ile sauti ya binti aliitoa yeye. Wengine wote tulikuwa tumemwacha na ukimya wake. Kwamba asingepita yeye, angekuwa anatazama meza mpaka leo.

Ni kweli. Nikamwambia tu kwamba sasa hata hiyo meza amekataa kwenda kuitazama.

Niliponyanyuka nikakumbuka watoto, nikamuuliza ni nani aliyekuwa anabisha chini ya mwamba. Ilimchukua muda kuelewa naongea habari gani.

"Ile hadithi," akasema. "Kusema kweli sijui. Kitabu kilikuwa cha maktaba ya chuo, nikakirudisha. Nilikuwa nawatangulia sura moja tu. Sikufika mwisho."

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imeshuka hatimaye. Chini ya bati hakuna anayesikia kitu, kwa hiyo siku nzima watoto wameandika.

Jumanne, 11 Machi

Nimelichukua darasa langu, na sauti nusu. Niliwaambia ukweli: mwalimu hajui mwisho, alikuwa hajausoma. Niliogopa watanipigia kelele. Hawakupiga. Msichana wa dawati la mbele akasema, "Lakini alisema anajua." Nikasema ndiyo, alisema. Wakatazama kurasa zao. Kisha mmoja baada ya mwingine wakaanza kuziingiza mikobani.

Nilijaribu herufi inayolala. Walinyamaza, lakini kwa adabu. Adabu hiyo imeniumiza.

Chiriku amerudi shuleni. Anakuja, anaandika, anaondoka. Uwanjani kuna wanaomwita Kabla.

Jumamosi, 15 Machi

Mdogo wangu amefika na basi la asubuhi, bado na viatu vyake vya kazini. Alimkumbatia mwanawe jikoni muda mrefu. Mimi nilibaki uani nikifua nguo zilizokuwa safi. Alipotoka hakuketi.

"Nilikuachia mtoto, dada," akasema. "Sikukuachia mwanafunzi."

Nikamwambia nilidanganywa. Akasema anajua, na kwamba ndiyo maana hajui amkasirikie nani vizuri. Anataka kumchukua muhula ukiisha. Nikasema ni haki yake. Chiriku alikuwa mlangoni, na hakuna aliyemuuliza.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Ile video bado ipo. Nimewaandikia wenye shule kwa mara nyingine. Wamenijibu kwa picha ya ua na maneno ya pole.

Alhamisi, 27 Machi

Umeme ulikatika jioni, Chiriku akaja kukaa jikoni kwa sababu ndiko kulikokuwa na moto. Sikumsemesha. Nilikuwa nachambua mchele. Baada ya muda akavuta upande mmoja wa ungo, tukachambua wote.

"Ma-ma mkubwa. Alipokuwa anapiga goti pale kwangu, alikuwa anaigiza?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi kwetu sote, angemchukia tukamaliza. Lakini huyu mtoto nimeshamwambia uongo mmoja bila kujua ni uongo, sikutaka wa pili ambao naujua.

"Hapana," nikasema. "Nilikuwepo. Nilimwangalia usoni. Alifurahi kweli."

Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitazama, akaliweka pembeni.

"A-afadhali angekuwa anaigiza," akasema.

Jumatatu, 31 Machi

Mwalimu Mkuu amenisimamisha kwenye korido. Siku ya kufunga shule watakuja wazazi na yule bwana wa suti, kuonyeshwa mahali patakapojengwa maktaba. Angependa Chiriku asome aya moja tu. Amesema ingewafunga midomo wanaomcheka. Amesema pia, kwa upole, kwamba ingetusaidia mimi na yeye kurudi tulipokuwa.

Nikamwambia hapana. Akasubiri niongeze kitu, maana miaka yote tumekuwa tukikataliana kwa maelezo marefu na kumalizia kwa kicheko. Sikuongeza. Alinitazama kama anayetafuta mtu nyuma yangu. Kisha kengele ikalia, tukaenda kila mtu na darasa lake.

Jumatano, 2 Aprili

Leo ulikuwa mtihani wa kusoma kwa sauti. Kila mwanafunzi anaingia peke yake na kumsomea mwalimu wa darasa, yaani mimi. Niliwaza usiku kucha namna ya kumwondoa Chiriku. Asubuhi, akifunga kamba za viatu, akanitangulia.

"Nitasoma," akasema. "Lakini u-usiwepo."

Nikasema nitampata mwalimu wa hesabu asikilize kwa niaba yangu.

"Na dirishani u-usiwepo."

"Sitakuwepo."

Alinitazama kupima kama neno langu bado linabeba kitu. Sijui alipata jibu gani. Alimalizia kamba akatangulia.

Zamu yake ilipofika nilimkabidhi mwalimu wa hesabu kalamu, nikatoka, nikafunga mlango. Varanda ingenitosha, lakini pale mtu husikia. Nikashuka uwanjani, nikavuka matope mpaka ukuta wa mwisho, kule wanakotupa madawati yaliyovunjika, nikageuzia shule mgongo. Huu ndio muhula niliolipwa kutazama. Nimetazama kila kitu, kila goti lililopigwa na kila neno lililotoka, na lililokuwa muhimu sikuliona. Nyuma yangu mtoto wangu alikuwa anasoma, au alikuwa amekwama, au alikuwa amenyamaza. Shingo iliniuma kwa kutaka kugeuka.

Nilimsikia anakuja kwa viatu vilivyokuwa vinanata kwenye matope. Alisimama kando yangu. Alikuwa ametokwa na jasho juu ya mdomo, mikono ameificha nyuma. Sikumuuliza. Mwalimu wa hesabu aliponirudishia kalamu alifungua mdomo kunieleza, nikamwomba aandike tu alama mahali pake na asiniambie mengine.

Keshokutwa mama yake anakuja kumchukua kwa likizo. Kama ni likizo tu au ni moja kwa moja, mdogo wangu amemwachia aamue mwenyewe, na mpaka sasa hajaamua, au ameamua na hajaniambia. Nguo zake zote zimo sandukuni isipokuwa sare ya shule. Hiyo ameifua jioni hii, ameianika, na mvua ilipoanza tena alitoka mbio kuianua.